Mjukuu wa askari wa Mjerumani yuko darasani kwangu

Shikamoo Bibi Mwalimu,

Mimi ni mwalimu kijana, huu mwaka wangu wa tatu kazini, katika shule moja ya serikali huku Mbagala. Nafundisha Historia ya Tanzania na Maadili darasa la tano, mkondo B, zamu ya mchana. Watoto ni 118 na madawati ni 34. Wasiopata dawati wanakaa chini mbele ya ubao, nikirudi nyuma hatua moja nakanyaga daftari la mtu.

Wiki mbili zilizopita tulifika Vita vya Majimaji. Nilikuwa nimechoshwa na ule utaratibu wetu: naandika nukuu, wananakili, Ijumaa nauliza vita vilipiganwa lini, darasa zima linaitikia kama kwaya, "1905 hadi 1907!" Jumatatu ukiuliza tena wanakutazama tu. Na huku kwetu nusu ya darasa kwao ni Rufiji, Kilwa au Lindi. Nikajiuliza, vita vimeanzia kwa mababu wa watoto hawa hawa, mbona tunavisoma kama habari za nchi nyingine? Nikawapa kazi ya nyumbani: kamuulize mtu mzima kuliko wote katika ukoo wenu, zama za Mjerumani watu wa kwenu walikuwa wapi, na walikuwa wakifanya nini.

Bibi, sijawahi kuona vidole vingi namna ile. Binti mmoja alisema watu wa kwao walilimishwa pamba ya akida, msimamizi wa Mjerumani, mpaka mashamba yao wenyewe yakaota magugu. Mwingine akasema kwao walikimbilia msituni, wakala ming'oko hadi ming'oko nayo ikaisha. Darasa lilitulia tuli, na hawa ni watoto ambao siku zote nawanyamazisha kwa kugonga ubao.

Ndipo akasimama kijana mmoja mpole, anakaa dirishani. Akasema, "Bibi amesema babu yake alikuwa askari wa Mjerumani. Alikwenda Umatumbi na bunduki. Alirudi na mguu mbovu." Hakuwa na aibu hata kidogo, alisema kwa fahari kama wenzake. Kukawa kimya. Halafu sauti moja huko nyuma: "Kibaraka!" Wakadakia wote. Niliwanyamazisha, lakini mapumziko walimzunguka wakimwita Mjerumani, na kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa. Wala siku ya tatu.

Siku ya nne alikuja bibi yake, anatembelea mkongojo. Alikaa ofisini, hakugomba. Alisema hivi tu: "Mwalimu, uliomba hadithi nikatoa. Sasa mjukuu wangu ananiuliza kama sisi ni watu wabaya. Nimwambie nini?" Nilikosa la kusema. Nikamwambia pole mama, tutalishughulikia. Mpaka leo hatujalishughulikia. Mtoto amerudi shuleni, lakini hanyooshi tena kidole.

Mzazi mwingine naye akaja juu: "Mimi nalipa tuisheni mtoto afaulu, nyinyi mnamtuma kufukua makaburi!" Mwalimu mkuu akaniita, akasema nirudi kwenye kitabu, mada bado nne na mtihani wa muhula uko mlangoni.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Siku moja kabla ya hapo, nikiwafundisha, nilichora mstari katikati ya ubao. Kushoto niliandika MASHUJAA, kulia nikaandika VIBARAKA, nikawaambia wanakili.

Bibi Mwalimu, yule mama nimjibu nini? Darasani niseme nini? Na je, niache kabisa kuwatuma watoto kwa wazee?

Wako mtiifu,
Mwalimu wa darasa la tano, Mbagala

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile uliloliweka mkiani mwa barua. Yule mtoto wa nyuma hakulitunga lile neno. Alilikuta ubaoni kwa mwandiko wako, akalinakili kama ulivyomwagiza, siku ya pili akampata wa kumbandika. Mwanafunzi hodari huyo. Ukimwita umchape, utakuwa umemchapa kwa kufaulu somo.

Usijione mkosaji peke yako. Nimefundisha miaka 34, na mstari huo nimeuchora mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Ni mstari unaorahisisha kazi. Kipindi kinaisha ndani ya dakika zake 40, watoto wanaelewa, na maswali yake yanasahihishika upesi hata kwa watoto 118. Tabu inakuja pale unapowaweka watu kwenye safu zake, hawatulii.

Chukua Wahehe. Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Mkwawa lilimshinda Mjerumani vibaya na kumuua kamanda wake, Zelewski. Kila mtoto wa Tanzania anafundishwa hilo, na inafaa. Safu ya kushoto, sivyo? Sasa songa mbele miaka 14. Majimaji yanawaka kusini, Mkwawa amekwisha kufa tangu 1898, na Wahehe wanakwenda vitani upande wa Mjerumani. Watu walewale, mikuki ileile. Utawahamisha safu? Utafuta kwa dasta? Mtoto wa darasa la tano anaweza kulibeba swali hilo vizuri tu, na ataling'ang'ania kuliko tarehe yoyote.

Tena usisahau vita vilikuwaje. Wazungu wenyewe walikuwa wachache mno katika koloni kubwa kiasi kile. Bunduki nyingi zilizopigwa Umatumbi na Ungoni zilikuwa mikononi mwa Waafrika. Kamanda wa Kijerumani, Wissmann, alipokuja mwaka 1889 kupigana na Bushiri wa Pangani, askari wake aliwachukua Misri, nao walikuwa Wasudani, na wengine Msumbiji, Washangaan ambao watu wa pwani waliwaita Wazulu. Baadaye wakaandikishwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo. Walipomaliza kazi hawakuyeyuka. Wengi walibaki, wakaoa, wakazaa, na wajukuu zao wamejaa Dar es Salaam hii. Ukiwaita wote vibaraka kwenye darasa la Mbagala lenye watoto 118, umetukana ukoo wa mtu hata kama hakuna aliyesimama kusema. Huyu wako alisimama, ndiyo tofauti.

Sasa twende kwa yule mama.

Usimwite shuleni. Nenda kwake wewe, jioni, baada ya zamu yako, na usiende mikono mitupu. Kilo ya sukari inatosha. Piga hodi, shika adabu, kaa utakapoonyeshwa. Kwanza omba radhi, na uombe kwa kitu chenyewe: mwambie neno lile liliandikwa na wewe. Usiseme "watoto wa siku hizi". Ukisema hivyo, afadhali usingekwenda.

Halafu kuna mambo mawili ya kumwambia, na yote mawili ni ya kweli.

La kwanza ni gumu. Usimdanganye kwamba babu yake hakufanya kitu. Askari wa Mjerumani walichoma vijiji, maghala na mashamba yaliyosimama, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Serikali ya Mjerumani yenyewe ilikiri vifo 75,000. Wanahistoria waliochunguza baadaye wametaja hata 250,000 au 300,000. Wale watoto waliosimulia habari za ming'oko walikuwa wakisimulia njaa hiyohiyo. Yaani darasani kwako wamekaa pamoja wajukuu wa waliochomewa na mjukuu wa aliyetumwa kuchoma, wanaazimana penseli. Yule mama ni mtu mzima, kuna mambo anayajua kuliko wewe. Ukimpamba babu yake atakuona mtoto.

La pili ni hili, na nadhani hulijui, kwa kuwa vitabu vyetu vya shule hulipita haraka. Miongoni mwa wale Wazulu waliokuja na Wissmann alikuwamo mtu mmoja wa upande wa Inhambane, Msumbiji, akiitwa Sykes Mbuwane. Huyu ni askari wa Mjerumani kabisa, wa mwanzo mwanzo. Mwanawe aliitwa Kleist, tena sikiliza jina lenyewe, la Kijerumani. Kleist Sykes naye alivaa sare ya Mjerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 Kleist huyo huyo akawa mmoja wa waasisi wa African Association hapa Dar es Salaam. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa TAA, Tanganyika African Association. Mtoto wa Kleist, Abdulwahid Sykes, aliiongoza TAA kabla ya Nyerere kuchaguliwa rais wake mwaka 1953, na tarehe 7 Julai 1954 TAA ilipogeuka TANU, Abdulwahid alikuwa mmoja wa waasisi.

Hesabu vizazi: babu ni askari wa Mjerumani, mjukuu ni mwasisi wa TANU. Msimulie yule mama hivyohivyo, bila kuhubiri, kisha unyamaze unywe chai yake. Kama mjukuu yupo karibu, na awepo asikie. Akikuuliza tena kama wao ni watu wabaya, mwambie mtoto wa miaka 11 hana hesabu ya kulipa kwa mtu aliyekufa kabla baba yake hajazaliwa.

Darasani sasa. Usianze na yule kijana, wala usimsimamishe mbele "aombwe msamaha na wenzake". Tunapenda sana kufanya hivyo shuleni na hakujawahi kumponya mtoto hata mmoja. Anza na ubao. Chora tena ule mstari na maneno yaleyale mawili, kisha useme: jambo hili nililifundisha vibaya. Futa. Watakutumbulia macho, maana mwalimu anayefuta kosa lake mwenyewe ni kitu cha nadra. Halafu andika maswali machache pale palipokuwa na safu. Alitoka wapi? Aliahidiwa nini? Angekataa, angefanywa nini? Waliokuwa mbele ya bunduki yake walipatwa na nini? Yajaribuni maswali hayo kwa askari, kwa akida aliyesimamia pamba, kwa Wahehe, kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliyegawa maji na kunyongwa mwezi uleule vita vilipopamba moto, Agosti 1905. Mtaona kila mtu anajibika, na hakuna wawili wenye majibu sawa. Wala usiogope kwamba watoto watatoka wakidhani wote walikuwa sawasawa tu. Swali la nne linazuia hilo. Aliyechomewa ghala alichomewa, na watoto hawalipindishi jambo kama hilo hata ukitaka walipindishe.

Kama siku moja utapata namna ya kuwapeleka mjini hata thelathini tu, wapeleke kwenye Sanamu ya Askari pale Samora. Sanamu ile imesimama tangu 1927. Waingereza waliisimamisha kuwakumbuka Waafrika waliowapigania wao katika Vita Kuu. Waulize watoto: askari huyu ana bunduki, yule wa bibi wa mwenzenu alikuwa na bunduki, mbona huyu kajengewa sanamu? Majibu waachie wenyewe. Unaweza kuongeza kwamba Wajerumani nao walikuwa na sanamu yao mjini hapa, ya Wissmann yuleyule, na chini yake walimweka askari Mwafrika. Mwingereza alipoingia 1916 akaing'oa na kuichukua. Ikaja kusimamishwa Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha huko wakaiangusha. Nimeona watoto wakichangamka zaidi kwa habari ya sanamu kuangushwa kuliko kwa somo zima la ukoloni.

Nauli ikikosekana, na najua itakosekana, Kariakoo inatosha. Hakuna mtoto wa Mbagala asiyeijua Kariakoo, mama zao wananunua mzigo kule. Waulize jina limetoka wapi. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Mwingereza kilichopiga kambi pale katika vita hiyo hiyo. Hao walibeba vyakula na risasi kichwani, wakafa kwa maelfu kwa ugonjwa na njaa. Hawakuwa na bunduki, na wengi hawakwenda kwa hiari. Safu gani hiyo?

Umeniuliza kama uache kuwatuma watoto kwa wazee. Usiache, ila badilisha namna ya kuwatuma.

Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi wake kusini kukusanya masimulizi ya Majimaji, kazi ambayo majina ya wanahistoria Gwassa na Iliffe yanajulikana nayo. Wakati huo walikuwapo wazee walioviona vita kwa macho yao. Leo hayupo hata mmoja. Alichonacho yule mama ni kitu cha karibu kabisa unachoweza kukipata Mbagala: mtu aliyepokea kwa mdomo wa mhusika. Wafundishe watoto kuandika juu ya kila habari wanayoleta: "aliona", au "alisimuliwa na nani". Maneno mawili hayo yana thamani kuliko ukurasa wa nukuu. Mtoto akishazoea kuuliza "umejuaje?", nusu ya kazi yako imekwisha, tena atakusumbua na wewe.

Lakini swali lako, mwanangu, lilikuwa na mtego. "Watu wa kwenu walikuwa wapi, wakifanya nini?" Kwa watu wa pwani hilo ni swali la ukoo, na ukoo una vyumba vilivyofungwa. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya watumwa karne ya 19. Utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka 1922. Hesabu mwenyewe: kuna bibi Mbagala leo ambaye bibi yake alizaliwa mtumwa, na familia nzima imekubaliana kutolitaja. Utamtuma mtoto alete hilo mbele ya wenzake 117? Mimi nilifanya hivyo, zamani, shule nyingine, mtaa mwingine. Msichana alirudi na karatasi tupu, nikamchapa kwa uvivu. Miaka mingi baadaye nilikuja kuelewa kwa nini karatasi ilikuwa tupu. Siku hizi naliwaza zaidi ya nilivyoliwaza siku ile.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani ikuletee wewe kwanza, kwenye daftari. Wewe usome, kisha umuulize mtoto pembeni kama angependa isomwe. Na uwaambie mapema kwamba "bibi hakutaka kusema" ni jibu kamili, lina maksi zote. Kwa mwanzo, usiulize juu ya ukoo kabisa. Uliza juu ya mahali. Kwa nini panaitwa Rangi Tatu? Kizuiani kilizuiwa nini? Barabara hii mbona inaitwa ya Kilwa? Utaletewa majibu matano kwa jina moja, kila mtoto akiapa kwamba lake ndilo, na hapo ndipo somo linapoanza: tutajuaje lipi la kuaminiwa? Hakuna atakayelia kwa sababu ya Rangi Tatu.

Kuhusu zile tarehe wanazoziimba. Niliwahi kusahihisha insha iliyosema Nyerere ndiye aliyemshinda Mjerumani kwa kutumia maji. Mtoto yule alikuwa na 1905 sahihi, na 1961 sahihi. Alichokosa ni ule umbali wa katikati. Nyerere amezaliwa 1922, lakini kwa mtoto wa miaka kumi na moja "zamani" ni chumba kimoja, wote wamo humo, wanasalimiana. Tafuta kamba. Kila mita iwe miaka kumi. Toka nao uwanjani, mmoja ashike mwanzo, huyo ndiye leo. Mtoto mwenyewe amezaliwa mita moja na kidogo kutoka hapo. Uhuru ni mita sita na nusu hivi. Majimaji, mita kumi na mbili, bado mnaonana na mnasikizana. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, huyo yuko karibu mita 70, pengine nje ya uzio wa shule. Halafu waulize, yule Zinjanthropus wa Olduvai, wa miaka milioni moja na laki saba na nusu, asimame wapi? Waache wakisie: getini? Rangi Tatu? Kongowe? Kwa kamba hiyo ni kilomita 175. Mtu huyo mtamwona mkiikaribia Morogoro. Fuvu lake limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert. Wafafanulie mapema, maana kwa watoto wa Dar "Makumbusho" ni stendi ya daladala.

Zoezi hilo linachukua kipindi kimoja, halihitaji dawati, na watoto 118 ni faida maana unapata watu wa kusimama kila mwaka.

Mwalimu mkuu usimpinge. Ana kikao chake, ana wa juu yake, na mada nne ni mada nne. Mpelekee andalio la somo lenye yale maswali ya ubaoni, umwonyeshe yanaingia katika mada ileile na kwa vipindi vilevile. Akisita, mkumbushe kwa upole kwamba somo lenyewe lina neno Maadili kwenye jina lake, na kuna mtoto aliyekaa nyumbani siku tatu. Mzazi wa tuisheni atapoa matokeo yakitoka, hao wako kila shule.

Kuhusu yule aliyepiga kelele nyuma: mpange na kijana wa dirishani siku ya kamba, wape kushika Majimaji pamoja. Usiwaambie kwa nini.

Kisha uniandikie tena, maana barua yako ina pengo moja. Umeniambia askari yule alikwenda Umatumbi, alikuwa na bunduki, alirudi na mguu mbovu. Hukuniambia jina lake, na nahisi hakuna aliyeuliza, si wewe wala watoto. Ukienda kwa yule mama jioni hiyo, baada ya chai, muulize babu yake aliitwa nani na alitokea wapi. Chukua daftari.